Moshi unatukohoza, sawa. Lakini utathibitisha vipi?

SWALI la kwanza kwenye hojaji yangu lilikuwa hili: "Je, moshi wa jaa la Dandora umeathiri afya ya familia yako?"

Nilibisha hodi nyumba 40 kwa Jumamosi mbili, daftari mkononi, jua la saa saba likinichoma utosi. Karibu kila mlango ulijibu ndiyo. Mama mmoja anayeuza mboga hakungoja hata nimalize kusoma swali. "Andika ndiyo, kijana wangu. Na uandike kifua cha huyu mtoto pia. Halafu ukipata majibu uniletee." Nikamwambia nitaleta. Nilisema hivyo kwa moyo safi kabisa.

Wiki tatu baadaye mhadhiri alinirudishia kazi ikiwa na maandishi mawili tu ya kalamu nyekundu. Kando ya swali la kwanza: "Hapa umewapa jibu." Chini ya jedwali nililokuwa nikijivunia: "Na wasioishi karibu na jaa, wao hawakohoi?"

Nilikasirika, bana. Mimi nimelelewa Eastlands. Sihitaji profesa anieleze jinsi moshi wa plastiki unavyopenya chini ya mlango saa nane za usiku, ukaamka koo limekauka kama umemeza mchanga. Jaa lenyewe lilianza miaka ya sabini, likatangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na miaka mingi baadaye malori yalikuwa bado yanapiga foleni kumwaga. Mtu anataka ushahidi gani tena?

Nilipotulia niligundua jambo lililoniudhi kuliko hiyo kalamu nyekundu: mwalimu alikuwa sahihi. Ningebisha nyumba 40 popote Nairobi mwezi wa Julai, kwenye baridi ile, niulize kama kuna mtoto aliyekohoa, Lang'ata wangesema ndiyo na South B wangesema ndiyo. Nilichokuwa nimekusanya ni orodha ya watu wenye hasira kama mimi.

Kama unasomea afya ya umma, mazingira, jiografia au hata uanahabari, au huko chuoni kabisa ila unaishi kando ya mto mweusi na umechoka, kalamu hiyo itakufikia siku moja. Afadhali uijue mapema.

Kijiji na jirani yake

Kuna watu waliofanya kazi iliyonishinda, tena papa hapa Dandora. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP), ambalo makao yake makuu yako Gigiri, lilitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto na vijana 328 wanaoishi au kusoma karibu na jaa. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi kwenye damu kupita kiwango kilichokuwa kikikubaliwa kimataifa wakati huo. Hao hawakumuuliza mtu kama anahisi ameathirika. Walichukua damu.

Tayari hapo umepiga hatua kubwa kutoka kwa daftari langu. Damu haina hasira na haitaki kukufurahisha. Lakini hata nambari hiyo ina swali lake: risasi hiyo ilitoka wapi? Jaani? Kwenye rangi ya ukuta? Kwenye moshi wa magari? Kumbuka petroli yenye risasi ilikuwa ndiyo kwanza imeachwa nchini mwanzoni mwa 2006. Ukitaka kujibu hilo, lazima upate watoto wengine wa kulinganisha nao.

Mfano ninaoupenda zaidi uko Pwani. Kijiji cha Owino Uhuru, Mikindani, Kaunti ya Mombasa, kilikuwa kimepakana ukuta kwa ukuta na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari ili kutoa risasi. Phyllis Omido alikuwa ameajiriwa katika kiwanda hicho. Mtoto wake mchanga alipougua, mawazo ya kwanza yalikuwa yale yale ya kila kliniki nchini: malaria, au homa ya matumbo. Vipimo havikuonyesha hivyo. Hatimaye damu ikapimwa risasi, ikapatikana. Omido aliacha kazi, akaanza kupiga kelele, akakamatwa, akaendelea kupiga kelele. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Kiwanda kilikuwa kimefungwa mwaka mmoja kabla.

Kwa habari ya gazeti, hadithi inaweza kuishia hapo. Kwa mtafiti ndiyo inaanza, kwa sababu mtoto mmoja mgonjwa ni kisa kimoja, na wakili wa upande wa pili atasimama aulize: mmejuaje ni kiwanda?

Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulifanya kile ambacho kalamu nyekundu iliniagiza. Watafiti walichukua damu ya watoto 130. Kati yao 65 walikuwa wa Owino Uhuru. Wengine 65 walitoka Bangladesh. Si ile nchi ya Asia, ni mtaa wa mabanda katika kaunti hiyo hiyo ya Mombasa, usiopakana na kiwanda hicho. Udongo nao ulipimwa pande zote mbili.

Kwa nini Bangladesh na si Nyali, ambako hakuna kiwanda cha betri pia? Fikiria kidogo. Mtoto wa Nyali anakula tofauti, ana sakafu ya vigae badala ya vumbi, anatibiwa kwingine, maji yake yanatoka kwingine. Ukimlinganisha na mtoto wa Owino Uhuru na ukaona tofauti, utakuwa umepima umaskini ukadhani umepima kiwanda. Jirani anayefanana nawe kwa karibu kila kitu, ila hana ule ukuta wa kiwanda, ndiye mwenye thamani. Kumpata ni kazi, na mara nyingi ndiyo sehemu ngumu kuliko zote katika utafiti wa aina hii. Mimi nilikuwa nimeiruka kabisa.

Matokeo? Wastani wa risasi kwenye damu ya watoto wa Owino Uhuru ulikuwa mikrogramu 7.4 kwa kila desilita. Bangladesh ulikuwa 3.7. Mara mbili kamili. Udongo nao ulisema vivyo hivyo kwa sauti kubwa zaidi.

Sasa tazama tena hiyo 3.7. Wale ni watoto wasioishi kando ya kiwanda. Tangu 2021 kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, hutumia 3.5 kama alama ya mtoto anayehitaji kufuatiliwa, na wanasayansi hawajapata kiwango chochote cha risasi wanachoweza kusema hakimdhuru mtoto. Kwa hivyo kundi la kulinganisha lilifanya kazi mbili kwa mkupuo. Lilionyesha mzigo wa ziada wa Owino Uhuru, halafu likatuambia kimyakimya kwamba huko kwingine pia si salama. Nani angejua kama wangepima upande mmoja tu?

Kuna kitu kingine ambacho wasomaji wengi hukipita. Damu hiyo ilichukuliwa baada ya kiwanda kufungwa. Risasi haikai sana kwenye damu. Kiasi chake hupungua kwa nusu kwa takriban mwezi mmoja, na nyingine huenda kujificha kwenye mifupa ambako inaweza kukaa miaka na mikaka. Ukipima damu leo, unasoma zaidi habari za miezi ya karibuni. Kwa hivyo 7.4 haisemi watoto walikuwa na kiasi gani tanuri likiwa linawaka. Inasema kwamba hata tanuri likizimwa, udongo wanaochezea bado unawalisha. Mtafiti asiyejua jinsi sumu inavyosafiri mwilini angeisoma nambari hiyo vibaya, akasema mambo si mabaya sana.

Mahakamani mambo yalikwenda kama mawimbi ya Kilindini. Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru mwaka 2020 kwamba wakazi walipwe Sh1.3 bilioni. Mahakama ya Rufaa ikabatilisha tuzo hiyo 2023. Desemba 2024, Mahakama ya Juu ikairejesha. Mtoto aliyekuwa akitambaa kiwanda kikifungwa alikuwa tayari shule ya msingi.

Pampu mnayoijua, na mabomba msiyoyajua

Ukienda darasa lolote la afya ya umma utasimuliwa daktari John Snow, London, mwaka 1854: kipindupindu kikaua watu Soho, akachora ramani, akaona vifo vimezunguka pampu ya Broad Street, mkono wa pampu ukang'olewa. Hadithi tamu. Mimi nadhani inafundishwa kupita kiasi, kwa sababu inawafanya vijana waamini kwamba ukiwa na ramani yenye nukta nyekundu, kazi imekwisha. Ramani yangu ya Dandora ilikuwa na nukta nyekundu kibao.

Kazi yake nzuri zaidi ilikuwa nyingine, mwaka huo huo. Kusini mwa London kampuni mbili za maji zilikuwa zimeshindana mpaka mabomba yao yakapita mtaa mmoja, nyumba hii ikinywa ya kampuni hii, ya jirani ikinywa ya ile. Maskini na tajiri walikuwa wamechanganyika pande zote mbili. Hewa ni ile ile. Tofauti ilikuwa moja: kampuni ya Lambeth ilikuwa imehamisha mahali pa kuchotea maji mwaka 1852, ikapanda juu ya mto mbali na majitaka ya jiji. Southwark and Vauxhall iliendelea kuchota kwenye uchafu. Snow alienda mlango kwa mlango kwenye nyumba zilizofiwa akiuliza swali moja la kuchosha: hapa mnanunua maji kwa nani? Wapangaji wengi hawakujua, wenye nyumba ndio walikuwa wakilipa. Akabuni njia ya kutambua kwa kupima chumvi kwenye maji yenyewe.

Katika wiki saba za mwanzo za mlipuko, nyumba za Southwark and Vauxhall zilikuwa na vifo 315 kwa kila nyumba 10,000. Za Lambeth zilikuwa na 37. Hapo hata bishoo wa bungeni hana la kusema.

Angalia alichouliza na alichokosa kuuliza. Hakusema, "Je, maji machafu yameathiri familia yako?" Aliuliza jambo ambalo mjibu hakuwa na sababu ya kulipamba. Swali langu la Dandora nililiandika upya kwa mtindo huo: "Katika siku 14 zilizopita, mtoto huyu amekohoa? Siku ngapi? Kuna usiku aliamka kwa sababu ya kikohozi?" Neno moshi halimo. Jaa halimo. Wiki mbili zimewekwa kwa sababu ukimuuliza mzazi kuhusu mwaka mzima, anakumbuka ule usiku wa kukimbizwa hospitali na boda boda na kusahau mengine yote. Na swali hilo hilo, kwa maneno hayo hayo, linaulizwa pia kule kwa jirani asiye na jaa.

Kifaa cha kiganjani

Siku hizi kijana anaweza kununua au kuazima kifaa cha kupima vumbi la hewani kinachotoshea kiganjani. Hupima chembe zinazoitwa PM2.5, zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, ambapo unywele wa kichwa chako ni mnene kuzishinda karibu mara 30. Hizo ndizo hupita puani, zikafika ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishusha kiwango linachopendekeza kwa mwaka kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita moja ya ujazo wa hewa.

Nilipopata kifaa hicho mara ya kwanza nilijiona niko na bunduki. Asubuhi moja ya Julai kikasoma nambari ya kutisha, nikapiga picha, nikatuma kwa kila kundi la WhatsApp. Msee mmoja wa uhandisi akaniuliza tu: "Kulikuwa na ukungu?"

Kulikuwa na ukungu. Vifaa vya bei nafuu humulika mwanga na kuhesabu jinsi unavyotawanyika, na hewa ikiwa na unyevu mwingi, chembe hufura kwa maji na kifaa hudhani ni uchafu mwingi. Ndiyo maana kabla ya kukiamini unakiweka kwanza kando ya mashine kubwa ya kuaminika kwa muda, unaona kinadanganya kwa kiasi gani na wakati gani, kisha unasahihisha. Majirani zetu wa AirQo, waliozaliwa Chuo Kikuu cha Makerere kule Kampala, wamejenga jina kwa kazi hiyo isiyo na makeke: kutengeneza vifaa vinavyohimili vumbi na joto la miji yetu, na kusahihisha vinachosoma.

Na hata kifaa kikiwa sahihi, unakiweka wapi? Ukikining'iniza juu ya paa la kanisa, umepima paa la kanisa. Watu hawaishi hapo. Kuna utafiti wa Laikipia uliofanywa na Majid Ezzati na Daniel Kammen, ukachapishwa mwaka 2001 katika jarida la Lancet, ambao ningependa kila mtu anayeanza ausome. Walifuatilia familia 55 zinazopikia kuni na makaa. Badala ya kupima wastani wa moshi wa chumba na kuugawa sawa kwa kila aliyemo, waliangalia nani yuko wapi, karibu na jiko kiasi gani, saa ngapi. Moshi haukai sawasawa. Unapasuka pale kuni zinapowashwa, zinapochochewa, sufuria inapoepuliwa, na wakati huo aliyeinama hapo ni mama au msichana. Wastani wa chumba ungemfanya aonekane kama anavuta hewa sawa na mzee aliyekaa mlangoni akingoja chai. Wakati huo huo, afya ya familia hizo ilikuwa ikifuatiliwa kwa kutembelewa mara kwa mara, na walioonekana kupokea moshi zaidi ndio waliougua zaidi maradhi ya kupumua.

Jiko hilo ndilo lililoniharibia hesabu Dandora. Nyumba nyingi nilizobisha hupikia makaa ndani, chumba kimoja, dirisha moja. Mtoto akikohoa, ni jaa au ni jiko? Au ni baba anayevuta sigara? Au ni kwamba wanalala sita chumbani na mafua yanapita kama ugali mezani? Na kodi ya chini iliyowaleta kando ya jaa ndiyo hiyo hiyo inayowafanya wapikie makaa. Mambo yamefungana kama nyaya za umeme wa kuunganishwa kienyeji. Huwezi kuyafungua kwa hisia. Unauliza kuhusu kila moja, kwa kila nyumba, kisha unalinganisha wanaopikia makaa karibu na jaa na wanaopikia makaa mbali na jaa, wenye gesi na wenye gesi.

Mtego mwingine sikuusoma kitabuni. Nilikuwa nikihesabu watoto wa nyumba moja nikaona kitanda kitupu. Nikauliza. "Huyo mkubwa tulimpeleka ushago kwa shosho yake, kifua kilikuwa kimezidi." Fikiria hiyo. Mtoto mgonjwa kuliko wote hayuko kwenye daftari langu, kwa sababu ugonjwa wenyewe ndio umemwondoa. Waliobaki ni wale wanaoweza kuvumilia. Ukipima waliobaki tu, mtaa utaonekana wenye afya kuliko ulivyo. Tangu siku hiyo huwa nauliza: kuna mtoto aliyekuwa akiishi hapa mwaka jana ambaye hayupo? Alienda wapi, na kwa nini?

Kabla hujachoma kidole cha mtu

Wengi wetu huona vibali kama usumbufu wa karani. Kwa kweli foleni ni ndefu na fomu ni nyingi. Nchini Kenya utahitaji leseni ya utafiti kutoka NACOSTI, na kabla ya hapo kamati ya maadili iupitie mpango wako. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 nayo inakuhusu, kwa sababu hali ya afya ya mtu si kitu cha kuacha wazi kwenye simu yako.

Lakini kuna swali moja ambalo kamati nzuri itakuuliza, na mimi ningekushauri ujiulize kabla yao: ukimpata mtoto ana risasi ya kutisha, utafanya nini kesho yake asubuhi? Umezungumza na kituo gani cha afya? Nani atagharimia nauli? Kama jibu ni "nitaandika kwenye ripoti", usichome kidole cha mtu. Na ukichoma, mnawishe mikono kwanza kwa sabuni. Vumbi kidogo lenye risasi kwenye ngozi likiingia kwenye tone la damu litakupa nambari ya uongo, umtishe mama wa watu bure.

Mahali pa kusomea hapakosekani. Chuo cha mafunzo ya matibabu, KMTC, kina diploma ya afya ya mazingira, vyuo vikuu vya umma vina shahada za afya ya umma, na kwa waliokwisha kuingia kazini kuna mafunzo ya epidemiolojia ya nyanjani, FELTP, yaliyoanza nchini mwaka 2004, ambayo hukutupa kwenye milipuko halisi badala ya kukuweka darasani tu. Karo ni kisa kingine, sitakudanganya. Zana zenyewe zimekuwa rahisi kuzipata: KoboToolbox ya kukusanya majibu kwa simu, QGIS ya ramani, R ya takwimu, zote bila malipo. R itakutoa jasho mwezi wa kwanza. Kama uliacha hesabu Kidato cha Pili ukisema si zako, itabidi mrudiane.

Nilirudia utafiti wangu. Safari hii nilichagua mitaa miwili, mmoja karibu na jaa na mwingine mbali, wenye nyumba za aina moja na vyumba vya ukubwa mmoja. Niliuliza swali la siku 14. Niliuliza kuhusu makaa, sigara, idadi ya wanaolala chumbani, na watoto walioondoka.

Watoto wa karibu na jaa walikohoa zaidi. Tofauti haikuwa kubwa kama nilivyotaka, na nilipotenganisha nyumba zinazopikia makaa ndani, ikapungua tena. Haikuisha, ila ilipungua. Nyumba zenyewe zilikuwa chache mno kwangu kuapa chochote. Mhadhiri aliandika neno moja kwa kalamu ile ile: "Sasa."

Nikakumbuka yule mama wa mboga. Ilikuwa imepita miezi minane. Nilimkuta pale pale, akikata sukuma, mtoto mgongoni akiwa amekua. Nikamsalimia, nikamwambia nimeleta majibu. Alicheka. "Ulisema utarudi, nikajua ni maneno ya vijana wa daftari. Huja wengi."

Nikaketi kwenye kreti ya soda, nikamweleza polepole: kwamba jaa linaonekana kuongeza kikohozi, kwamba jiko la makaa ndani nalo linaongeza, tena labda si kidogo, kwamba nilipima watu wachache na siwezi kuapa. Nilimwonyesha karatasi yenye nguzo mbili, mtaa wake na mtaa ule mwingine. Aliitazama kwa muda mrefu, kisu kikiwa kimesimama katikati ya fungu la sukuma.

"Hilo la jiko nitalitoa nje mvua ikiisha," akasema. Kisha akaweka kidole kwenye ile nguzo fupi. "Na hapa, huu mtaa mwingine. Nyumba ya chumba kimoja ni pesa ngapi?"

Nilikuwa nimeuliza kila kitu. Hiyo sikuwa nimeiuliza.